Kompyuta za nyumbani zimegoma kuingia kwenye seva ya Linux: anza na dalili, usianze na kufomati

Wakuu, maswali ya seva ndogo za nyumbani yanazunguka yale yale. Mtu kachukua CPU yake ya zamani kaiwekea Debian au Ubuntu (aina za Linux), juu yake Samba (programu ya kushirikisha mafoda na Windows), picha za familia humo, mafaili ya kazi humo, katuni za watoto humo, miezi mitatu raha mustarehe, halafu asubuhi moja laptopu inasema haioni kitu. Na kinachoniuma mimi ni kwamba wengi hapo hapo wanakimbilia kufomati na kuweka upya, na picha za harusi zinaondoka hivyo hivyo, wakati tatizo lenyewe lilikuwa waya umelegea au namba ya IP (anwani ya kifaa kwenye mtandao) imebadilika. Kwa hiyo nimekusanya dalili ninazoulizwa sana na mpangilio ninaoufuata mwenyewe nikiitwa nyumbani kwa mtu.

Kwenye mifano yote humu seva naiita ghala, IP yake 192.168.1.10, foda linaloshirikiwa linaitwa nyumbani na liko /srv/nyumbani, mtumiaji ni asha. We weka za kwako.

Mambo mawili kabla hujagusa kitu. Kwanza kopi setingi za Samba pembeni: `sudo cp /etc/samba/smb.conf /etc/samba/smb.conf.zamani` (sudo ni kutoa amri kama msimamizi mkuu), ukiharibu unarudi ulipotoka. Pili badilisha kitu kimoja, jaribu, ndo uende kingine, maana ukibadilisha vitano kwa mpigo hata ikipona hujui kilichoponya na wiki ijayo ikirudi unaanza upya.

Dalili ya kwanza: jana ilikuwa inafunguka, leo haifunguki kabisa

Windows inakupa kosa 0x80070035, au ukitumia `net use` inakupa kosa namba 53. Mara nyingi maana yake ni kwamba kompyuta yako imepiga hodi na hakuna aliyeitikia. Haisemi pasiwadi ni mbaya, haisemi foda limefutika, hata haijafika huko.

Chanzo kinachoongoza kwa mbali ni umeme kukatika usiku. Ukirudi, rauta inawaka yenyewe ila CPU nyingi za zamani zinabaki zimezima hadi mtu abonyeze. Nenda kaangalie kwa macho, usikisie. Kama ndo hilo, ingia BIOS (setingi za kompyuta yenyewe kabla Linux haijawaka), tafuta mahali pa umeme, kuna setingi ya nini kifanyike umeme ukirudi, iweke iwake yenyewe. Hiyo setingi moja imeniondolea simu nyingi sana za asubuhi.

Cha pili kwa kutokea ni IP kubadilika. Rauta ndiyo inayogawa namba, na ikizima ikawaka inaweza kumpa simu ya mtoto ile 192.168.1.10 na seva ikapewa 192.168.1.14. Chomeka skrini na kibodi kwenye seva uandike `ip a`, au ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Dawa ya kudumu si kuandika namba mpya kwenye laptopu zote, dawa ni kuiambia rauta iitunzie seva namba yake kwa kufuata MAC (namba ya kadi yake ya mtandao isiyobadilika), rauta karibu zote zina sehemu hiyo kwenye setingi za DHCP (ugawaji wa namba). Ukipenda kuweka namba ya kudumu kwenye seva yenyewe sawa, ila hakikisha iko nje ya zile namba rauta inazogawa, la sivyo siku moja vifaa viwili vitakuwa na namba moja na utahangaika wiki nzima, leo inashika kesho haishiki.

Cha tatu waya. Angalia taa pale kebo inapoingia kwenye seva na kwenye rauta. Hamna taa, hamna mawasiliano. Chomoa, chomeka hadi isikike inabana, jaribu tundu lingine, jaribu kebo nyingine. Kile kiplastiki cha kubana kikivunjika kebo inaonekana imeingia kumbe inaning'inia tu.

Sasa kuna hiki ambacho watu wengi hawakifikirii: umebadilisha rauta. Umehama kutoka kampuni moja ya intaneti kwenda nyingine, au umenunua ile ya laini ya simu, na rauta ya zamani ilikuwa inagawa 192.168.1.x wakati mpya inagawa 192.168.8.x au 192.168.0.x. Kama seva uliipa namba ya kudumu ya mtaa wa zamani (yaani zile namba za rauta ya zamani) basi inakaa mtaa ambao haupo tena, taa zinawaka vizuri, kila kitu kinaonekana kizima ila haipatikani. Na hata ukiipa namba mpya, ndani ya smb.conf kunaweza kuwa na mstari wa `hosts allow` wenye mtaa wa zamani, na fayawoli (kinga inayochuja nani aingie) nayo ina sheria ya mtaa wa zamani, kwa hiyo inakataa wageni wote kwa adabu kabisa. Kagua sehemu zote tatu: namba, smb.conf, fayawoli.

Halafu hakikisha laptopu na seva ziko mtandao mmoja kweli. Laptopu imejishika kwenye hotspoti ya simu, au kwenye waifai ya wageni, na waifai ya wageni kwa kawaida imezuiwa isione vifaa vya ndani. Rauta zingine hata waifai ya kawaida zina setingi ya kutenganisha vifaa visionane, ukiikuta imewashwa izime. Nyumba zenye rauta mbili, ile ya pili ya kusogeza waifai vyumbani, mara nyingi kebo imechomekwa tundu la WAN (la kupokea intaneti), hapo rauta ya pili inatengeneza mtaa wake wa pembeni. Hamishia kebo tundu la LAN (la vifaa vya ndani), uzime DHCP kwenye hiyo ya pili, na uipe namba isiyogongana na ya kwanza.

Na laptopu ya kazini, zima VPN ya ofisi (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) kwanza ujaribu. Kama ni laptopu ya mwajiri na VPN haizimiki usihangaike nayo, ongea na watu wa TEHAMA wa ofisini kwako.

Ukishapita hapo ndo unaanza vipimo. Kwenye laptopu: `ping 192.168.1.10`. Ikijibu, njia ipo. Halafu fungua PowerShell andika `Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445` (445 ndiyo poti, yaani mlango, wa Samba), mstari wa mwisho ukisema True basi Samba inasikiliza na shida yako iko dalili zinazofuata, ukisema False wakati ping inajibu basi ama Samba imelala ama fayawoli imefunga. Kwenye seva: `systemctl status smbd`. Ikiwa imekufa, andika `testparm`, hiyo inasoma smb.conf na kukuonyesha mstari uliokosewa. Iko hai? Angalia `sudo ufw status`, na kama poti 445 haimo, ruhusu mtaa wako peke yake: `sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp`.

Hapa nawaomba sana, na nasema kwa uzito wote: usifungue poti 445 kwenye rauta kuelekea intaneti eti ili ufikie mafaili ukiwa safarini. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupitia udhaifu wa usalama kwenye SMB ya Windows (SMB ni lugha ambayo Windows na Samba zinapeana mafaili), na hadi leo kuna mashine zinapita intaneti nzima usiku na mchana zikitafuta poti hiyo iliyo wazi. Ukitaka kufikia ghala ukiwa Dodoma na lenyewe liko Dar weka WireGuard, yaani VPN yako mwenyewe, ingia kwa njia hiyo.

Dalili ya pili: seva haionekani kwenye orodha ya Network, ila ukiandika \\192.168.1.10 inafunguka

Hii si ugonjwa, ni kujitangaza tu. Zamani Windows ilikuwa inatafuta majirani kwa njia iliyofungamana na SMB1 (toleo la kwanza la SMB), na tangu Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017 SMB1 haiji tena imewekwa. Windows za sasa zinatafutana kwa njia nyingine na Samba peke yake haiongei njia hiyo, unaweka kiprogramu kinaitwa wsdd kwenye seva na inaanza kuonekana. Angalia pia kama laptopu imeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa mtandao wa umma (Public), ubadilishe uwe wa binafsi (Private).

Kusema ukweli mi huwa sihangaiki nayo, naiweka foda kama diski Z na nimemaliza: `net use Z: \\192.168.1.10\nyumbani /persistent:yes`.

Ila usikubali ushauri wa video za zamani wa kuwasha SMB1 ili seva ionekane. Hilo ndilo lango la WannaCry nililolitaja hapo juu. Samba yenyewe tangu toleo 4.11 la mwaka 2019 imeizima. Kama una kompyuta ya Windows XP bado, hiyo haijui kitu zaidi ya SMB1, mafaili yake yahamishe kwa flashi na uiache nje ya mtandao. Windows 7 haina shida hiyo, inajua SMB2.

Dalili ya tatu: inauliza jina na pasiwadi, unaweka, inauliza tena, unaweka, inauliza tena

Hapa watu wanaumia sana kwa sababu wana uhakika pasiwadi ni sahihi. Na kweli ni sahihi, ila si ya Samba.

Samba inatunza pasiwadi zake yenyewe mbali na zile za Linux. Kumtengeneza asha kwenye Linux hakumtengenezi kwenye Samba. Andika `sudo pdbedit -L` uone orodha, kama asha hayumo basi `sudo smbpasswd -a asha` na umpe pasiwadi. Yumo ila bado anakataliwa? Mpe pasiwadi upya kwa `sudo smbpasswd asha`, na kama amefungiwa mfungue kwa `sudo smbpasswd -e asha`. Nusu ya kesi zinaishia hapa.

Nusu iliyobaki iko upande wa Windows. Mtu anaweka PIN, zile tarakimu nne anazowashia laptopu, na PIN haiendi popote nje ya hiyo laptopu. Au Windows inatuma barua pepe ya akaunti ya Microsoft kama jina la mtumiaji, na Samba haimjui mtu wa jina hilo. Kwenye sehemu ya jina andika `192.168.1.10\asha`, na mkwaju wake uegemee nyuma hivyo hivyo, ukiweka wa mbele haikubali.

Au kuna pasiwadi ya zamani Windows imeihifadhi na inaituma yenyewe bila kukuuliza. Fungua Credential Manager ufute chochote chenye namba au jina la seva, kisha `net use * /delete`, tena funga akaunti uingie upya. Kosa 1219 ni ndugu yake: Windows haikubali kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama mama tayari kaingia kama asha na we unataka kuingia kama baba kwenye laptopu hiyo hiyo, itagoma hadi ukate ya kwanza.

Halafu kuna hii iliyoanza kuwa nyingi, laptopu mpya inasema sera za usalama za shirika zinazuia kuingia kama mgeni, na mtu anashangaa shirika gani tena, hii ni laptopu yangu sebuleni. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inataka mawasiliano ya SMB yawe yamesainiwa, na imefunga kuingia bila pasiwadi. Foda lako lilikuwa wazi kwa kila mtu, `guest ok = yes`, na sasa laptopu mpya haitaki. Utakuta watu wanakuelekeza uizime hiyo kinga kwenye rejista ya Windows. Usifanye, tengeneza mtumiaji mwenye pasiwadi, ni dakika mbili, na kila mtu nyumbani akiwa na jina lake unapata pia uwezo wa kuficha foda la mafaili ya kazi lisiguswe na watoto.

Dalili ya nne: inafunguka na kusoma, ila kuandika au kufuta haikubali

Cheki smb.conf kwanza. Samba usipoiambia kitu inachukulia foda ni la kusoma tu, kwa hiyo chini ya `[nyumbani]` lazima kuwe na `read only = no`. Umebadilisha? `sudo systemctl restart smbd`.

Kama ipo, twende kwenye ruhusa za Linux. Samba ikikubali, Linux inaweza kukataa, ni walinzi wawili kwenye geti moja na lazima wote wakupitishe. `ls -ld /srv/nyumbani` inakuonyesha nani mwenye foda. Mara nyingi ulilitengeneza kwa sudo kwa hiyo ni la root (msimamizi mkuu) na asha hana nafasi. Njia ninayoipenda kwa familia ni kundi moja:

`sudo groupadd familia`
`sudo usermod -aG familia asha`
`sudo chgrp -R familia /srv/nyumbani`
`sudo chmod -R g+rwX /srv/nyumbani`

na kwenye smb.conf chini ya foda hilo unaongeza `force group = familia`, `create mask = 0664`, `directory mask = 2775`. Bila hizo za mwisho asha akiweka faili, baba atalisoma tu hawezi kulihariri, mnaanza kulaumiana bure. Na usitumie `chmod 777` kwenye diski nzima, najua inafanya kazi, ila ni kama kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Kama ruhusa ziko sawa, angalia diski imejaa au la kwa `df -h`. Halafu angalia diski yenyewe imewekwa kwa hali gani: `findmnt /srv/nyumbani`, ukiona `ro` badala ya `rw` basi Linux imeifunga isiandikwe, na sababu ziko mbili na zinatofautiana kama mbingu na ardhi.

Ya kwanza haina madhara. Diski ni ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), ilitoka kwenye kompyuta ya Windows ambayo haikuzimwa kikamilifu kwa sababu ya ile setingi ya kuwaka haraka, kwa hiyo Linux inaogopa kuiandikia. Irudishe kwenye Windows, zima kompyuta kabisa kwa `shutdown /s /t 0`, ndo uirudishe kwenye seva. Ila kwa seva ya kudumu hamia ext4 (mpangilio wa diski wa Linux) siku ukipata diski ya pili ya kuhifadhia mafaili wakati unahamisha.

Ya pili ni mbaya. Diski ni ext4, ilikuwa inaandika vizuri, na ghafla imejifunga yenyewe. Andika `sudo dmesg | grep -i error`, ukiona mistari ya I/O error yenye jina la diski yako, SIMAMA. Usiristati ristati, usilazimishe iandike. Kopi kwanza vitu vya muhimu kwenda diski nyingine wakati bado inasomeka. Ndo baadaye uangalie `sudo smartctl -a /dev/sdb` (sdb weka jina la diski yako), tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba hizo zikiwa zaidi ya sifuri na zinapanda kila ukiangalia, diski hiyo inaondoka.

Dalili ya tano: foda liko tupu, picha zote hazipo

Hii ndo inanifanya niandike kirefu, maana simu yake huwa inapigwa kwa sauti ya kutetemeka. Mama mmoja jirani yetu alinipigia saa tano usiku, picha za marehemu mumewe zote zilikuwa humo, foda limefunguka vizuri kabisa na ndani hamna hata faili moja. Zilikuwepo zote. Diski ya nje ilikuwa haijashikwa tu.

Sikiliza inavyokuwa. /srv/nyumbani ni foda la kawaida kwenye diski ya mfumo, na diski ya nje inawekwa juu yake kama mkeka juu ya sakafu. Mkeka usipowekwa, Samba inakuonyesha sakafu tupu, haijui tofauti. Usikopi kitu chochote ndani ya foda hilo, na usiweke programu za kurudisha mafaili. Andika `lsblk -f` kwenye seva. Diski ya nje inaonekana ila safu ya mwisho iko wazi? Basi haijawekwa: `sudo mount -a`, na kama /etc/fstab (orodha ya diski za kuweka seva ikiwaka) iko sawa zitarudi.

Kwa nini haikuwekwa? Mara nyingi kwenye /etc/fstab uliandika `/dev/sdb1`, na herufi hizo zinabadilika ukichomeka flashi au ukibadilisha tundu la USB, leo ni sdb kesho ni sdc. Tumia UUID (kitambulisho cha diski kisichofuata herufi hizo) unayoiona kwenye hiyo `lsblk -f`:

`UUID=weka-ya-kwako /srv/nyumbani ext4 defaults,nofail 0 2`

Hiyo nofail inafanya seva iwake hata diski isipokuwepo, bila hiyo inakwama njiani na we unadhani imekufa. Sababu nyingine ni diski kuchelewa kuamka baada ya umeme kurudi, au adapta yake imekufa.

Na ongeza kinga hii, wengi hawaijui: diski ikiwa imeondolewa, piga `sudo chattr +i /srv/nyumbani`. Sasa sakafu imefungwa, diski isipowekwa hakuna anayeweza kuandika chini yake, mtu atapata kosa mara moja badala ya wiki mbili za mafaili kwenda kujaza diski ya mfumo kimya kimya. Kama hilo limeshatokea, yaani diski ya mfumo imejaa na hujui nini kimejaza, `sudo mount --bind / /mnt` halafu angalia /mnt/srv/nyumbani, utayakuta yamejificha chini ya mkeka. Yakopi, kisha `sudo umount /mnt`.

Kama `lsblk` haioni diski kabisa, badilisha kebo, badilisha tundu, jaribu adapta nyingine ya volti ile ile. Ukisikia inagonga tik, tik, tik, au inazunguka na kusimama, chomoa na usiiwashe tena. Hapo kila dakika inayozunguka inaweza kukwangua zaidi. Usiifungue, usiiweke kwenye friji, usiigonge mezani, mambo hayo yanazungumzwa sana mitaani na yanamaliza kilichobaki. Peleka kwa mtu anayefanya kazi ya kurudisha data, na muulize kabla kama ana vifaa vya kazi hiyo, si kila fundi wa kompyuta anavyo.

Dalili ya sita: inafanya kazi ila pole pole mno, au inakatika katikati ya kukopi

Jua kwanza kawaida ni nini. Kwenye kebo ya gigabiti faili kubwa moja linakwenda kama MB 110 kwa sekunde. Kwenye kebo ya megabiti 100 ni kama 11. Ukiona imeganda kwenye 11 kamili basi seva au swichi au kebo iko kwenye 100: `sudo ethtool enp2s0 | grep Speed` (jina la kadi yako unalipata kwa `ip a`). Kebo yenye jozi mbili tu za nyaya, au jozi moja iliyokatika kichwani, inashuka 100 yenyewe bila kulalamika. Waifai ya 2.4 GHz kwenye nyumba yenye kuta nne kati yako na rauta usiitegemee, chomeka kebo ujaribu, kama kebo ina kasi basi si seva.

Picha elfu kumi ndogo ndogo zitakwenda pole pole kuliko filamu moja yenye ukubwa ule ule, hiyo ni kawaida.

Wenye Raspberry Pi: Pi 3 ya kawaida neti yake ni megabiti 100 na inapita njia moja na USB, usiitarajie makubwa. Pi 4 ina gigabiti kamili. Ila kukatika katika kwenye Pi mara nyingi ni chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, chaja ya simu haitoshi, halafu na diski ya nje nayo inanyonya humo humo. Andika `vcgencmd get_throttled`, jibu likiwa tofauti na 0x0 mara nyingi umeme umepungua, au Pi imepata joto sana. Nunua chaja yake halisi na diski ipe umeme wake wenyewe au habu yenye adapta.

CPU ya zamani inayojizima bila sababu, fungua upande uone vumbi kwenye feni. Vumbi pulizia ikiwa imechomolewa. Ila lile boksi la pawa saplai usilifungue, linashika chaji hata likiwa limechomolewa. Na ukigusa CPU ikakupiga shoti, hata ndogo, zima sakiti uite fundi umeme, mara nyingi nyumba haina athi na hilo linahusu jiko na friji pia.

Dalili ndogo ndogo

Saa ya seva inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika na `apt update` inalalamika vyeti havijaanza kutumika: betri ya CR2032 kwenye ubao imeisha, ni ile bapa kama sarafu, badilisha.

Mac: kwenye Finder bonyeza Command na K, andika `smb://192.168.1.10/nyumbani`.

Laptopu ya Linux ikikupa kosa 13 wakati wa kumaunti (kuliunganisha foda la seva), ni jina, pasiwadi au ruhusa, rudi dalili ya tatu. Kama amri yenyewe haijulikani weka cifs-utils.

Mafaili yamebadilika majina yote kwa mkupuo, yana mikia ya ajabu na kuna faili la maandishi linadai pesa: chomoa kebo ya neti ya seva sekunde hiyo hiyo, halafu kata waifai ya laptopu zote, maana mara nyingi anayeharibu ni mojawapo ya laptopu, si seva. Usilipe, usifute, tafuta mtu wa usalama wa kompyuta, na bakapu yako usiichomeke popote hadi ajulikane mgonjwa ni nani.

Na fsck (amri ya kukagua na kurekebisha diski), kwa sababu kila mtu anaulizia baada ya umeme kukatika: usiipige diski ikiwa inatumika. `sudo systemctl stop smbd`, `sudo umount /srv/nyumbani`, ndo `sudo fsck /dev/sdb1` (jina la diski yako lilivyo kwenye `lsblk -f`). Ikikuuliza swali moja mawili kubali. Ikianza kumwaga maswali mamia, toka kwa Ctrl na C, tafuta mtu anayeweza kukopi diski nzima kwanza kabla ya kuirekebisha.

Ukifika mahali pa kuita mtu, usimwambie tu haifanyi kazi. Mpe maneno ya kosa kama yalivyo pamoja na namba yake, mwambie nini kilibadilika kabla haijaanza, iwe umeme, rauta au apdeti, mwambie kama kompyuta zote zinagoma au moja tu, na mwekee majibu ya hizi tano kwenye karatasi au picha: `ip a`, `systemctl status smbd`, `testparm -s`, `lsblk -f`, `df -h`. Pasiwadi yako usimpe mtu kwa meseji, akifika nyumbani andika mwenyewe.